Kompyuta ya Zamani Inapokataa Kufungua Mtandao
Maelezo kwa wakazi na wenye saiba wa Laare, Igembe Kaskazini

 

Kila mwaka mwezi wa Juni unapoelekea kwisha, jambo moja hutokea katika miji midogo ya kaunti hii, na Laare haijaachwa nyuma. Mkazi anafika sokoni asubuhi, pengine amepanda pikipiki kutoka mbali, akiwa na kitambulisho na namba yake ya KRA. Anataka kuwasilisha ripoti ya ushuru kabla ya tarehe 30, kwa sababu akichelewa faini ya mtu binafsi huanzia shilingi 2,000, hata kama mwaka mzima hakupata mapato yoyote. Anaingia saiba. Kijana anabonyeza, anangoja, anabonyeza tena. Kisha anageuka na kusema maneno ambayo kila mtu hapa ameyasikia: "Sistemu iko chini. Rudi kesho."

Mkazi anarudi kesho. Sistemu bado iko chini. Siku ya tatu anapanda matatu kwenda Maua, na huko, kwenye mashine nyingine, kazi yote inakwisha kabla chai haijapoa. Njiani akirudi anajiuliza: hiyo sistemu ilikuwa chini ya nini?

Kuna siku sistemu huanguka kweli. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa kupitia mtandao na huduma zikakwama nchi nzima. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Dijitali, Eliud Owalo, alikiri hadharani kwamba shambulio lilikuwepo. Siku ya namna hiyo fundi wa Laare hana la kufanya ila kungoja kama wengine wote. Lakini mara nyingi zaidi kinachokwama ni kompyuta iliyo mezani, na kasoro yake inaweza kutafutwa papo hapo, bila nauli ya kwenda popote.

Njia ya kujua ni rahisi, na haitaki fundi. Chukua simu yenye bando, fungua tovuti ileile. Ikikataa kwenye simu pia, subiri. Tatizo liko mbali. Ikifunguka kwenye simu, basi tovuti ni nzima. Kisha washa hotspoti ya simu hiyo na uiunganishe na kompyuta. Ikiwa sasa kompyuta inafungua, lawama ni ya laini ya intaneti ya duka. Ikiwa bado inakataa, wakati simu iliyo kando yake inafungua kwa mtandao uleule, hakuna haja ya kupigia simu kampuni ya intaneti. Kompyuta yenyewe ndiyo mgonjwa.

Hapo ndipo ujumbe ulio kwenye kioo unapohitaji kusomwa. Watu wengi huufunga haraka kama wanaofukuza nzi. Usifungwe. Upigwe picha kwa simu, hata kama umeandikwa Kiingereza kigumu, kwa sababu ujumbe unaosema saa si sahihi na ujumbe unaosema hakuna intaneti una dawa mbili tofauti kabisa.

Tuseme umesema saa si sahihi. Huu ndio ugonjwa unaosumbua kompyuta kongwe kuliko watu wanavyodhani, na ndio wa bei nafuu zaidi kutibu.

Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara, sawa na kifungo kikubwa cha koti. Imeandikwa CR2032: 20 ni upana wake kwa milimita, na 32 ni unene, yaani milimita 3.2. Kazi yake ni kutunza saa na tarehe wakati kompyuta haina stima. Mashine iliyoachwa kwenye soketi yenye stima haiitegemei betri hiyo sana. Lakini Laare watu huzima soketi usiku, na ni busara kufanya hivyo, tena stima yenyewe hupotea bila kuaga. Kila saa ambayo mashine haina stima, betri ndiyo inayolisha saa. Baada ya miaka kadhaa inakwisha. Kuanzia hapo, mashine huamka kila asubuhi ikidhani ni tarehe ya zamani iliyowekwa kiwandani. Tarehe 1 Januari 2009, kwa mfano. Dalili nyingine ni kwamba kabla Windows haijaingia, kompyuta nyingi husimama kwenye kioo cheusi na kudai F1 ibonyezwe. Mwenye duka huibonyeza kila siku, mwaka mzima, bila kuuliza inadai nini.

Kwa nini tarehe izuie ukurasa kufunguka? Tovuti ya eCitizen, ya KRA au ya benki, kabla ya mazungumzo yoyote, huonyesha kivinjari, au brauza kama wengi wanavyoiita, cheti kinachothibitisha kwamba ni yenyewe wala si tapeli. Cheti hicho kina tarehe mbili, ya kuanza na ya kwisha, na kivinjari huzilinganisha na saa ya kompyuta. Mnunuzi wa miraa hapa sokoni hufanya vivyo hivyo: anataka kujua imekatwa lini, na ile ya juzi haipati bei ya leo. Kompyuta inayodhani ni mwaka wa 2009 ikionyeshwa cheti cha mwaka huu, inaona kitu ambacho hakijazaliwa. Inakataa. Inakataa eCitizen, inakataa KRA, inakataa barua pepe. Kinachopotosha watu ni kwamba ukurasa mmoja mmoja wa kizamani usiotumia cheti unaweza kufunguka vizuri, basi mwenye mashine anaapa kwamba intaneti yake ni safi ila Serikali ndiyo imezima mitambo.

Dawa ya haraka ni kurekebisha tarehe pale kwenye kona ya chini ya kioo, mkono wa kulia. Mwaka uangaliwe kwanza, kwa sababu watu hutazama siku na mwezi wakasahau mwaka. Eneo la saa liwe Nairobi. Na kompyuta haijui saa za Kiswahili: saa mbili asubuhi kwake ni 8, na saa mbili usiku ni 20. Aliyeandika 2 akidhani ameweka saa mbili asubuhi amerudisha mashine nyuma kwa saa sita. Kisha kivinjari kifungwe chote na kufunguliwa upya.

Dawa ya kudumu ni betri mpya. Hupatikana kwa wauza vifaa vya umeme na hata kwa mafundi wa saa. Kabla ya kufungua kasha, mashine izimwe, waya wa stima uchomolewe kabisa, na kitufe cha kuwashia kibonyezwe mara moja ili stima iliyobaki ndani iishe. Upande wenye alama ya kujumlisha kwa kawaida hutazama juu, lakini ni vizuri kupiga picha kabla ya kuitoa ya zamani. Baada ya kuweka mpya, tarehe huwekwa mara moja na haitasumbua tena kwa miaka. Kwenye laptopu betri hiyo mara nyingi imeunganishwa kwa waya mdogo, na hapo afadhali fundi aitwe. Betri iliyotolewa isiachwe mezani: mtoto mdogo akiimeza inaweza kumchoma koo, na hilo ni la hospitali mara moja, si la kungoja.

Sasa tuseme tarehe ni sahihi, na bado kurasa zinakataa, au zinafunguka nusu: maandishi yanaonekana lakini kitufe cha kuendelea hakisikii hata kikibonyezwa mara kumi. Hapo umri wa kivinjari chenyewe ndio wa kutazamwa, na nyuma yake umri wa Windows.

Kompyuta nyingi zilizo katika maduka madogo zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika ng'ambo. Hakuna aibu katika hilo; bila mashine hizo vijana wengi wasingeshika kipanya. Lakini zilikuja na Windows ya wakati wake. Kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020, na Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023. Windows 10, ambayo wengi bado wanaiona mpya, ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft imeruhusu mwaka mmoja wa ziada kwa anayejiandikisha. Kompyuta haizimiki siku hiyo. Inaendelea kuwaka, inaandika barua, inachapisha karatasi, na ndiyo sababu watu hawaamini kwamba kuna kilichobadilika.

Wenye kutengeneza vivinjari nao hufuata nyayo hizo. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 na Windows 8 ni toleo la 109, la mwanzo wa 2023. Internet Explorer, ile herufi e ya bluu ambayo wengi walijifunzia mtandao, Microsoft iliistaafisha tarehe 15 Juni 2022. Firefox ilisimama kwenye toleo la 115 kwa ajili ya Windows 7, toleo la mwaka wa 2023, lakini Mozilla ikaendelea kuliwekea viraka vya usalama kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa imetangaza mwanzoni. Kwa hiyo mwenye Windows 7 asiye na njia nyingine leo, Firefox ya mfululizo wa 115, ile ya karibuni kabisa katika mfululizo huo, ndiyo iliyobaki na nguvu kidogo. Ipakuliwe kutoka tovuti ya Mozilla yenyewe, si penginepo.

Kuna sababu nyingine ya kuijaribu Firefox kwanza. Ili kukubali cheti cha tovuti, kivinjari huhitaji orodha ya watoa vyeti wanaoaminika, kama vile karani anavyohitaji kujua muhuri wa chifu unafananaje. Kwa miaka mingi Chrome ilitumia orodha iliyo ndani ya Windows. Firefox hubeba yake yenyewe. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja kikuu, ambacho tovuti nyingi sana duniani zilikuwa zikikiegemea kupitia mtoa vyeti wa bure aitwaye Let's Encrypt, kilikwisha muda. Mashine zilizokuwa zikisasishwa hazikuhisi lolote. Zile zilizokaa miaka bila sasisho ziliamka zikikataa kurasa zilizofunguka vizuri jana yake, na tarehe ya saa ilikuwa sahihi kabisa. Fundi asiyejua hili anaweza kufuta Windows nzima na kuirudisha, akalipwa, na tatizo likabaki palepale kwa sababu ameirudisha Windows ileile yenye orodha ileile.

Vilevile kufuli zinazolinda mazungumzo kati ya kivinjari na tovuti zina matoleo. Zile za mwaka wa 1999 na 2006 zilionekana ni dhaifu, na mnamo 2020 vivinjari vikubwa viliacha kuzitumia. Tovuti za fedha na za serikali hutaka zile zilizokuja 2008 na 2018. Kivinjari cha kale kinachojua kufuli za kale tu hakina ufunguo, na mwenye saiba anaona maneno kwamba ukurasa hauwezi kuonyeshwa. Hapo hakuna cha kubonyeza kitakachosaidia, ila kubadilisha kivinjari.

Yapo matatizo madogo yasiyohusiana na umri moja kwa moja, ingawa mashine nzee huyakuza. Kivinjari huweka nakala za kurasa ili kisizipakue upya kila mara, na tovuti inapobadilishwa nakala ya zamani na mpya hugongana. Kubonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja hulazimisha ukurasa kuja upya. Ikishindikana, Ctrl, Shift na Delete hufungua mahali pa kufuta nakala hizo na vidakuzi. Nywila zilizohifadhiwa zisiwekewe alama ya kufutwa bila kukusudia, maana kuna watu walipoteza njia ya barua pepe yao kwa namna hiyo. Njia ya kupima kabla ya kufuta chochote ni kufungua dirisha la faragha, Ctrl, Shift na N katika Chrome, au Ctrl, Shift na P katika Firefox. Ukurasa ukikubali humo, kosa liko kwenye nakala za zamani au kwenye nyongeza zilizobandikwa kwenye kivinjari.

Kwa wanaoshughulikia ushuru kuna mawili ya kuangalia. Risiti na vyeti mara nyingi hufunguka katika kidirisha kipya, na kivinjari hukizuia kimyakimya kikidhani ni tangazo. Alama ndogo huonekana mwishoni mwa sehemu ya anwani. Ikibonyezwa na ruhusa ikitolewa kwa tovuti hiyo pekee, risiti inatoka. Mkazi asilipishwe mara mbili kwa sababu risiti ya kwanza "ilipotea". La pili ni ile fomu ya iTax inayojazwa katika Excel. Ina programu ndogo ndani yake, na Excel huzizuia mpaka mtu aziruhusu. Zisiporuhusiwa, kitufe cha kuhakiki hakifanyi kitu na faili la kupakia halitengenezwi. Hapo wengi hulaumu intaneti, ilhali intaneti haikuhusika hata kidogo. Ruhusa hiyo itolewe kwa fomu iliyopakuliwa kutoka KRA yenyewe, si kwa faili lolote lililokuja kwa barua pepe.

Na uzito? Mashine yenye RAM ya gigabaiti 2 haiwezi kubeba kurasa kumi zilizofunguliwa kwa pamoja pamoja na video ya mpira nyuma yake. Kurasa zifungwe, moja ibaki. Kuongeza RAM hadi gigabaiti 4, na kubadilisha diski ya kuzunguka kwa ile ya kisasa isiyozunguka, hufufua kompyuta ya mezani kuliko programu yoyote ya "kuongeza kasi". Hizo programu za kuongeza kasi zenyewe ndizo mzigo.

Lakini yapo mambo ambayo mtu aliyechoka kungoja huyafanya, na hayo yana hatari kuliko kungoja kwenyewe.

Onyo la cheti lina kiungo kidogo kinachoruhusu kuendelea hata hivyo. Kwa ukurasa wa habari za mpira, pengine hasara ni ndogo. Kwa ukurasa unaodai namba ya kitambulisho, nywila au malipo, kisibonyezwe kamwe. Onyo la cheti linaweza kutokea kwa sababu ya betri iliyokwisha, na linaweza pia kutokea pale mtu ameingia katikati ya mazungumzo kuiba nywila, na kwa mtu wa kawaida si rahisi kuyatofautisha. Tarehe irekebishwe kwanza. Onyo likibaki, mkazi asiandike siri yake hapo.

Tangazo linalosema kivinjari kimepitwa na wakati, bonyeza hapa, nalo ni mtego wa kawaida. Sasisho la kweli hutoka ndani ya menyu ya kivinjari, katika sehemu inayoeleza toleo lake. Tena, mashine yenye Windows 7 haitapata Chrome mpya kwa njia yoyote halali, kwa hiyo anayeahidi kuiweka kwa shilingi kadhaa anaweka kitu kingine.

Kuna anayeuliza: nani atashughulika na kompyuta kuukuu ya Laare? Jibu ni kwamba wavamizi hawachagui mji. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya utekaji iitwayo WannaCry ilisambaa duniani kwa siku moja, ikafunga mafaili na kudai dola 300 kwa kila mashine. Hospitali za Uingereza zilisitisha miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo mwezi Machi, miezi miwili kabla, na wengi wa walioumia walikuwa na Windows 7 ambazo hazikuwekewa kiraka. Haikujali kama mwenye mashine ni tajiri. Ilitafuta mlango ulio wazi tu, na mashine isiyopata masasisho ina milango ambayo haitafungwa tena.

Kwa hiyo mstari uchorwe. Kompyuta yenye Windows 7 au ya kabla yake ibaki kuandika barua, kuchapisha fomu, kusomea. Kazi za eCitizen, KRA, HELB, benki na za afya zifanywe kwenye mashine inayopata masasisho, hata kama katika saiba nzima ni moja tu na watu wanapanga foleni. Simu ya kisasa ya mkazi mwenyewe, inayosasishwa, mara nyingi ni salama kuliko kompyuta ya duka yenye umri wa miaka kumi na mitano. Kwa shughuli inayoshindikana kote, Huduma Centre ya Meru mjini ipo, lakini ni afadhali mtu aende huko akiwa ameshajaribu simu yake kuliko kutumia nauli kwa jambo lililokuwa mfukoni mwake.

Na wenye saiba wasikie hili bila kukasirika. Mkazi mzee asiyejua kubonyeza hukuachia kila kitu: kitambulisho, nywila, hata simu yake ili usome namba ya siri inayotumwa. Kuna saiba ambazo huandika nywila za wateja kwenye daftari ili kazi iwe rahisi mwaka ujao. Nia ni njema. Daftari likiibwa, mtu mwingine anaweza kuingia kwenye akaunti za wateja wote walioandikwa humo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, awe na ofisi ya ghorofa au meza moja kando ya barabara. Kivinjari kinapouliza kama kihifadhi nywila ya mteja, jibu ni hapana. Kazi ikiisha, akaunti ifungwe mbele ya macho ya mteja, na picha ya kitambulisho ifutwe kwenye folda ya vipakuliwa na pia kwenye pipa la taka la kompyuta. Mteja naye aandike nywila yake mwenyewe, polepole, hata akitumia kidole kimoja. Foleni itangoja.

Swali la mwisho ambalo huulizwa kila mara: mashine hii itupwe? Si lazima. Windows 11 haitaikubali mashine ya miaka hiyo. Hudai sehemu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na kichakato cha kuanzia takriban 2018. Lakini kompyuta ya 64 biti yenye RAM ya gigabaiti 4 inaweza kuendeshwa kwa Linux, kwa mfano Linux Mint, ambayo ni ya bure na hupata masasisho, pamoja na Firefox mpya kabisa. Inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Ukiwashia flashi na eCitizen ikafunguka, umejua. Ugumu upo: printa nyingine za zamani husumbua, na fomu ya ushuru ya Excel haitumiki vilevile, ingawa KRA imekuwa ikitoa pia fomu ya aina ya ods kwa ajili ya LibreOffice. Mwenye saiba aijaribu kwenye mashine moja kwa mwezi mmoja kabla ya kuzigeuza zote, na asianze jaribio hilo mwezi wa Juni.

Ile isiyoweza tena, ya 32 biti yenye RAM ya gigabaiti 1, ikiuzwa kama vyuma au kupewa shule, diski itolewe kwanza. Kufuta mafaili kwa kitufe cha Delete hakuondoi kilichomo, anayejua huyarudisha. Ndani ya diski ya saiba iliyofanya kazi miaka minane mna vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na hati za mashamba za watu wa Laare, Mutuati na Kangeta. Diski hiyo iandikwe upya yote kwa programu ya kufuta kabisa, au itobolewe kwa drili mara tatu mbele ya mwenyewe, kabla kasha halijatoka mlangoni.